Moyo Usio na Shukrani

Katika miaka yangu ya ubaharia nilinyolewa nywele katika bandari nyingi, na vinyozi wengi nimekwisha kuwasahau. Mmoja tu ndiye ninayemkumbuka hadi leo, naye ni wa Napoli, mji mkubwa wa bandari kusini mwa Italia. Ilikuwa mwaka 1977. Meli yetu ilikuwa gatini ikipakua mizigo, nami nikapewa ruhusa ya nusu siku niende mjini.

Kinyozi huyo alikuwa mtu mzima aliyewahi kusafiri baharini, hivyo Kiingereza chake kilikuwa cha bandarini kama changu. Ukutani alikuwa amebandika picha za wachezaji wa timu ya mji wake, wamevaa jezi za buluu. Katika picha moja, mchezaji mmoja alikuwa ametobolewa macho kwa kitu chenye ncha. Nikauliza, huyu amekosa nini? Kinyozi akaondoa wembe shingoni mwangu, akatamka maneno mawili ya lahaja ya kwao: core 'ngrato. Kisha akanifasiria: moyo usio na shukrani.

Niliguswa, msomaji wangu, maana miaka michache kabla ya siku ile mimi mwenyewe nilikuwa nimeambiwa jambo hilohilo kwa lugha yetu. Mjomba wangu aliniambia, "Asante ya punda ni mateke." Habari yangu na mjomba nitaieleza mbele. Kwanza nieleze habari za mtu yule wa pichani, ambazo nimezisoma na kuzifuatilia tangu siku ile, kwa sababu nilitaka kujua kama kweli alikuwa punda.

Jina lake ni José Altafini. Alizaliwa Julai 1938 katika mji wa Piracicaba, jimbo la São Paulo, Brazil. Ukoo wake ulitoka Italia. Brazil ilipofuta utumwa mwaka 1888, wenye mashamba ya kahawa ya São Paulo walihitaji mikono mipya, na Waitaliano maskini wakavuka bahari kwa mamia ya maelfu kwenda kuchuma kahawa. Wakapata watoto na wajukuu, wakawa Wabrazili, lakini hawakuusahau mji wa babu. Mwaka 1914 baadhi yao waliunda klabu mjini São Paulo wakaiita Palestra Italia. Mwaka 1942, Brazil ilipoingia vitani dhidi ya Italia na Ujerumani, jina hilo likawa balaa, wakalazimika kulibadili. Ndiyo klabu inayojulikana hadi leo kwa jina la Palmeiras.

Altafini alijiunga na Palmeiras mwaka 1956. Sura yake ilifanana na ya Valentino Mazzola, nahodha mashuhuri wa timu ya Torino ya Italia, aliyekufa kwa ajali ya ndege mwezi Mei 1949 pamoja na karibu wachezaji wenzake wote. Basi kijana huyu wa Brazil akaitwa Mazzola. Hebu tafakari: kabla hajakanyaga Italia, tayari alikuwa akitembea na jina la marehemu wa Italia. Mwacha asili ni mtumwa, walisema wahenga. Lakini asili ya mtu kama huyu iko wapi hasa? Iko Piracicaba alikozaliwa, au iko ng'ambo babu zake walikotoroka njaa?

Mwaka 1958 alikwenda Sweden na timu ya Brazil kwenye Kombe la Dunia. Alikuwa na miaka 19, na katika kikosi hicho alikuwamo mdogo wake wa miaka 17 aliyeitwa Pelé. Katika mchezo wa kwanza Brazil iliifunga Austria mabao 3-0, na mawili yalikuwa ya Mazzola. Baadaye nafasi yake ya mshambuliaji wa kati ilichukuliwa na Vavá, ambaye ndiye aliyecheza fainali Brazil ilipoishinda Sweden 5-2. Hata hivyo Mazzola alirudi akiwa mmoja wa mabingwa wa dunia. Mwaka huohuo akahamia Italia kuichezea Milan.

Huko alilirudia jina lake la ukoo, maana Italia ilikuwa na Mazzola wake, na mtoto wa marehemu, Sandro, naye alikuwa akiinukia katika mpira. Msimu wa kwanza tu Altafini alifunga mabao 28 katika ligi, na Milan ikawa bingwa mwaka 1959. Mwaka 1962 ikawa bingwa tena, naye akawa mmoja wa wafungaji wawili bora kwa mabao 22.

Wakati huo Brazil haikuwa na desturi ya kuwaita katika timu ya taifa wachezaji waliokwenda Ulaya. Aliyeondoka ameondoka. Italia kwa upande wake iliwahesabu wajukuu wa wahamiaji kuwa ni wana wake, na kanuni za siku zile zilimruhusu mtu aliyekwisha kuichezea nchi moja aichezee nyingine. Hivyo katika Kombe la Dunia la mwaka 1962 huko Chile, bingwa wa dunia wa Brazil alivaa jezi ya Italia. Safari hiyo ilikuwa ya aibu. Italia ilitoka sare na Ujerumani Magharibi, kisha ikafungwa 2-0 na wenyeji katika mchezo wa ngumi na mateke ambao Waitaliano wawili walitolewa nje, ikaaga mashindano mapema. Brazil ikalichukua kombe kwa mara ya pili mfululizo, bila yeye. Baada ya mashindano hayo FIFA ilikaza kanuni ili mchezaji asiweze tena kuhama taifa kirahisi namna hiyo.

Mwaka uliofuata, tarehe 22 Mei 1963, Milan ilikutana na Benfica ya Ureno katika uwanja wa Wembley, London, kwenye fainali ya Kombe la Klabu Bingwa za Ulaya. Hapa habari hii inatukaribia sisi wa pwani ya mashariki ya Afrika. Bao la kwanza lilifungwa na Eusébio, mzaliwa wa Lourenço Marques, mji ambao leo unaitwa Maputo. Nahodha wa Benfica alikuwa Mário Coluna, naye mzaliwa wa Msumbiji. Katika kipindi cha pili Altafini alifunga mabao mawili, Milan ikashinda 2-1. Msimu ule katika kombe hilo alifunga mabao 14, na hakuna aliyempita kwa idadi hiyo mpaka Cristiano Ronaldo alipofunga 17 katika msimu wa 2013/14.

Nikiufikiria mchezo ule huwa najiuliza: ilikuwa fainali ya Ulaya, lakini mabao yote matatu yalifungwa na watu waliozaliwa ng'ambo ya bahari. Eusébio aliichezea Ureno kwa sababu Msumbiji ilikuwa koloni na haikuwa na timu yake ya kuichezea. Altafini aliichezea Italia kwa sababu nchi yake ilimfungia mlango. Watu wakawashangilia, na ni wachache waliouliza walitoka wapi. Swali hilo huulizwa siku ya kushindwa.

Mwaka 1965 Altafini alihamia Napoli. Mji ule ulikuwa na watu wengi, kazi chache na mapenzi makubwa ya mpira. Timu yake haikuwa imewahi kuwa bingwa wa Italia, maana mara nyingi ubingwa ulikuwa mali ya miji tajiri ya kaskazini, hasa Milano na Torino. Katika miaka saba Altafini aliifungia Napoli mabao 71 katika ligi. Mwaka 1968 Napoli ilishika nafasi ya pili. Alipendwa, na kinyozi wangu hakukana hilo. Aliniambia kuwa katika miaka ile ungeweza kumwita mtoto wako José na hakuna jirani angekuuliza sababu.

Mwaka 1972 Altafini alitimiza miaka 34. Kwa mshambuliaji huo ni uzee. Napoli ikamwachia aende Juventus ya Torino, mwaka mmoja na golikipa wao Dino Zoff. Naomba msomaji aliweke akilini neno hilo, ikamwachia. Siku zile nchini Italia mchezaji alifungwa na klabu yake hata mkataba ukiisha. Kifungo hicho kilianza kufunguliwa na sheria ya mwaka 1981. Klabu ndiyo iliyouza na ndiyo iliyoacha. Wengi walidhani mzee anakwenda kumalizia siku zake kwenye benchi.

Kwa kiasi fulani ni kweli, maana huko mara nyingi alikuwa mchezaji wa akiba. Lakini alikuwa na werevu wa mzee: dakika ishirini zilimtosha. Juventus ilikuwa bingwa mwaka 1973, na mwaka huo akacheza fainali ya Ulaya ambayo Ajax ya Uholanzi ilishinda 1-0.

Ikafika tarehe 6 Aprili 1975. Napoli ilikwenda Torino ikiwa nyuma ya Juventus kwa pointi mbili, na ushindi siku zile ulikuwa wa pointi mbili. Ingeshinda, ingekuwa sawa na matajiri, na ndoto ya ubingwa wa kwanza ingekuwa mkononi. Mwalimu wa Napoli alikuwa Luís Vinício, naye Mbrazili, aliyewahi kuwa mshambuliaji wa timu hiyohiyo katika miaka ya hamsini. Causio akaifungia Juventus. Juliano, nahodha wa Napoli na mtoto wa mji ule, akasawazisha. Napoli ikashambulia, na Zoff, golikipa wao wa zamani, akaokoa. Juventus ikamwingiza Altafini, mwenye miaka 36. Dakika ya 88 shuti la Cuccureddu liligonga mlingoti wa goli, mpira ukarudi uwanjani, na aliyekuwa pale ni Altafini. Akausukuma ndani. Mabao 2-1. Mwisho wa msimu Juventus ilikuwa bingwa kwa pointi 43, Napoli ya pili kwa pointi 41.

Kwenye lango la uwanja wa San Paolo mjini Napoli mtu aliandika kwamba José ni core 'ngrato. Maneno hayo ni jina la wimbo wa mapenzi wa zamani wa mji ule. Wenyeji hawakuhitaji kuongeza neno.

Kinyozi alipomaliza kunisimulia (kwa ufupi zaidi ya hivi, na kwa matusi zaidi), akaendelea kuninyoa. Katika mazungumzo akataja kwamba mdogo wake yuko Torino, anaunda magari katika kiwanda cha Fiat. Kusini kazi hakuna, akasema, nusu ya mtaa wake wamehamia huko. Mimi nilikwisha kusikia mabaharia wakisema kwamba wenye Fiat ndio wenye Juventus. Nikamuuliza, "Na mdogo wako, anayewaundia magari watu hao hao, naye ni moyo usio na shukrani?"

Akasimama kidogo. Kisha akasema, "Mdogo wangu hatufungi magoli."

Tukacheka wote wawili, nikalipa, nikarudi melini. Lakini kicheko hakikulimaliza jambo.

Sasa nieleze habari za mjomba. Mjomba wangu, ndugu wa mama, alikuwa serahangi katika meli ya mizigo, na ndiye aliyenitoa Pangani nikiwa kijana nisiye na kazi. Alikwenda ofisini kwa wakala, akasimama mlangoni siku tatu, akaniombea nafasi. Akanifundisha kamba, rangi na kukwangua kutu. Nikiugua alinifanyia zamu yangu. Baada ya miaka mitatu ikaja meli ya kampuni nyingine yenye mshahara karibu mara mbili. Wakati huohuo kampuni yetu ilikuwa ikipunguza watu, na sisi vijana tuliambiwa tukitaka kwenda twende. Nikaenda. Nilipomuaga mjomba hakunipa mkono. Alisema lile neno la punda, akageuka kutazama maji.

Kwa hiyo pale kwenye kiti cha kinyozi nilikuwa nikisikiliza kesi yangu mwenyewe. Kwa miaka mingi nimeigeuza upande huu na ule, na naomba niseme nilipofikia.

Wahenga walisema, mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Altafini alipewa jembe kila alikokwenda. Hakualikwa Milano kula, wala Napoli, wala Torino, aliitwa kulima. Katika michezo 459 ya ligi kuu ya Italia alifunga mabao 216, na mpaka leo ni wachache sana waliompita. Huyo ni mtu aliyelima. Siku ile ya Aprili mwenye shamba alikuwa Juventus, na mpira ulipomjia mguuni, angefanya nini? Angeupiga nje kwa makusudi? Angefanya hivyo asingekuwa mwenye shukrani kwa Napoli. Angekuwa mwizi kwa Juventus, na hata Napoli ingejua kwamba miaka saba ilimpenda mtu ambaye kazi yake inaweza kununuliwa kwa huruma. Shukrani ni deni la kweli, lakini hailipwi kwa kukosa goli.

Hata hivyo sitaki kumcheka kinyozi. Zamani nilidhani alikuwa na hasira ya kijinga. Sasa nadhani hakuwa mjinga hata kidogo. Mtu maskini akimpenda mtu, humpa kitu ambacho hana kingine. Tajiri akiumizwa hununua mchezaji mwingine. Napoli ilisubiri mpaka mwaka 1987 ndipo ikapata ubingwa wake wa kwanza, ikiwa na Maradona. Miaka kumi na miwili ni mingi kwa mtu anayesubiri kwenye kiti cha kinyozi. Na jeraha lile halikupona: mwaka 2016 Gonzalo Higuaín, Mwargentina aliyekuwa ameifungia Napoli mabao 36 katika msimu mmoja wa ligi, alipouzwa Juventus, jina lile la zamani lilitolewa kabatini akavikwa yeye. Aliyeumia ana haki ya kulia. Asichokuwa nacho ni haki ya kuyageuza machozi yake kuwa hatia ya mwenzake. Hapo ndipo watu wengi wema hukosea, na mjomba wangu alikuwa mtu mwema.

Kuna jambo jingine. Sisi tunaobaki nyumbani hupenda kuwapima walioondoka kwa kipimo kimoja: amerudi au hakurudi? Katika wale watatu wa Wembley, Coluna alirudi Msumbiji, akaongoza chama cha mpira cha nchi yake, akafariki Maputo mwezi Februari 2014. Eusébio alifariki Lisbon mwezi Januari mwaka huohuo. Altafini baada ya Juventus alicheza Uswisi, kisha akabaki Italia na kuwa mtangazaji wa mpira kwenye televisheni. Waitaliano wakazoea kumsikia akipaza sauti kwa neno la kwao Brazil, golaço, kila lilipofungwa bao zuri. Yupi kati yao aliyekuwa mwaminifu kwa kwao? Mimi siwezi kuwapanga. Mmoja alirudi kwa miguu. Mwingine alibaki ugenini miaka yote ile, na bao likiingia, kinywa chake kilitoa lugha ya mama.

Nilirudi Pangani likizo mwaka 1979. Mjomba alikuwa amekwisha kustaafu, miguu imevimba, anashinda barazani akishona nyavu za wavuvi. Nilimletea redio. Nikampa shikamoo, akaitikia marahaba, akaipokea redio akaiweka kando bila kuifungua. Tukakaa kimya kitambo kirefu. Nilikuwa nimetayarisha maneno mengi njiani: juu ya mshahara, juu ya kampuni iliyokuwa ikipunguza watu, hata juu ya yule mchezaji wa Napoli. Sikuyasema hata moja.

Mwisho mjomba akauliza, bila kuinua macho kwenye wavu wake, "Huko kwao, kazi unafanya vizuri?"

"Nafanya vizuri, mjomba."

"Kamba zako hazifunguki?"

"Hazifunguki."

Akakata uzi kwa meno. "Basi," akasema, "nenda kamwambie shangazi yako aweke sahani mbili."